Ufagio wa Mwanza

Tulipomzika baba mkubwa hapa Kharumwa, kazi ya kuandika wasifu wa marehemu iliniangukia mimi. Nilikuwa na kalamu, na watu wa kwetu wanaamini kwamba mtu aliyesoma historia chuoni anaweza kuandika historia ya yeyote kwa nusu saa. Nikakaa chini ya mwembe na karatasi mbili, wazee wakanitajia: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, ng'ombe, ugonjwa. Kuhusu jeshi walinipa sentensi moja tu, nikaiandika kama ilivyo: mwaka 1978 alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, akapigana, akarudi salama. Kesho yake ikasomwa kwenye kipaza sauti, watu wakatikisa vichwa kwa heshima, tukaelekea kaburini.

Sentensi hiyo haijaniacha mpaka leo. Kwamba alikwenda, ni kweli. Kwamba alipigana, ni kweli pia. Neno linalonikwama ni "salama".

Mimi nimekua nikimwona yule mzee. Saa kumi za usiku alikuwa macho, anazunguka zizi mara moja, kisha anakaa kwenye kigoda akiitazama njia mpaka kunakucha. Hakukubali kukaa akiupa mlango mgongo, hata kanisani. Na wachimbaji walipoanza kulipua baruti kwenye maduara upande wa pili wa kilima, yeye alikuwa ameshalala kifudifudi kabla sisi hatujausikia mlio vizuri. Sisi watoto tulicheka. Tuseme ukweli, na wakubwa walicheka. Kwenye ukanda huu wa dhahabu baruti haikauki, kwa hiyo hatukukosa la kuchekea.

Baada ya msiba nikaanza kusoma upya vitabu vya vita nilivyokuwa navyo, safari hii nikitafuta kitu kimoja: askari wa kwetu walirudije nyumbani? Walikopigana najua, vitabu vimejaa hayo. Nilitaka kujua nani aliwapokea, walipewa nini, na usiku walilalaje. Nilichokuta ni kidogo, lakini kinatosha kuonyesha kwamba hapa Kanda ya Ziwa jambo hili limetufika mara tatu ndani ya karne moja, na mara zote tatu tumefanya kosa lilelile. Tunajua sana kumpeleka mtu vitani. Kumrudisha tunamwachia mwenyewe, na wale anaolala nao nyumba moja.

Foleni ya mwaka 1964

Kisa cha kwanza kilitokea Mwanza, na pengine umeshakisikia kama kichekesho. Mwaka 1964, mwaka uleule aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari Waafrika waliopigana chini yake katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao malipo yao yalibaki deni. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Fanya hesabu mwenyewe: miaka 46. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, na kwa mujibu wa kisa hicho wazee wapatao 350 wakajitokeza.

Shida ikawa ushahidi. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Wengi hawakuwa na kitu. Ndipo, kwa jinsi kinavyosimuliwa, mtu wa benki aliyeleta zile fedha akapata wazo. Kila mzee aliitwa mbele, akakabidhiwa ufagio badala ya bunduki, akapewa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inua. Weka begani. Teremsha. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Watu hukisimulia kisa hiki wakisifu nidhamu ya Mjerumani. Mimi nikikisoma nawaona wale wazee. Mtu ana miaka sabini au karibu. Ametawaliwa na Mwingereza miaka zaidi ya arobaini, ameuona uhuru wa 1961, amelima, ameoa, ana wajukuu. Unampa ufagio, na mikono yake inajua la kufanya kabla yeye hajafikiri. Sasa mikono hiyo, usiku, katika miaka yote 46, ilikuwa inafanya nini? Hakuna aliyeuliza. Mwenye fedha alitaka kujua jambo moja tu: wewe kweli ulikuwa askari? Akishapata jibu, mzee anachukua chake, anaitwa anayefuata.

Kati ya 1918 na 1964 watu hawa walijipokea wenyewe. Enzi za Mjerumani, askari aliyemaliza utumishi wake aliweza kutegemea nafasi fulani serikalini, uakida kwa mfano, au upolisi, au shamba karibu na boma. Mwingereza aliposhinda, njia hiyo ikavurugika. Wakatafuta pa kushika. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameeleza jinsi ngoma hiyo, pamoja na magwaride yake, vyeo vyake vya kijeshi na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilivyosambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita ile. Tumezoea kuisoma beni kama burudani, au kama kejeli kwa mzungu. Lakini ndani ya chama, ukiugua kuna wa kukuangalia, ukifa kuna wa kukuzika, na ukisimama mstarini hakuna anayekushangaa kwa nini unapenda kusimama mstarini.

Wengine waliingia mjini. Kleist Sykes alipigana upande wa Mjerumani akiwa kijana, baadaye akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa mmoja wa waasisi wa African Association huko Dar es Salaam. Tunamkumbuka kwa siasa, na ni haki yake. Ila alikuwa pia kijana aliyetoka kwenye jeshi lililoshindwa, akalazimika kuanza maisha upya chini ya utawala wa aliyemshinda.

Na hao ni askari. Wapagazi, ambao ndio walikuwa wengi na ndio waliokufa zaidi, hawakuwamo hata kwenye foleni ya Mwanza. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, na kila siku maelfu ya watu wananunua vitenge na simu pale bila kuwaza hilo. Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama aliyekufa hakuandikwa, aliyerudi anaumwa nani angemwandika?

Shilingi tatu na nusu

Vita ya pili, jeshi lilikuwa King's African Rifles, ambalo wazee walilifupisha wakaliita Keya. Tanganyika peke yake ilitoa watu zaidi ya 80,000. Walipelekwa Abyssinia, wengine Madagaska, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw kwenye mvua za mwaka 1944, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Ilikuwa safari ya matope na malaria, na adui aliyejificha msituni.

Kuhusu kurudi kwao, serikali ya kikoloni iliwaza sana, lakini iliwaza kwa hofu. Hawa watu wamepanda meli, wamewaona Wahindi wakidai nchi yao, wamemwona Mwitaliano akisalimu amri mbele ya mtu mweusi. Wakirudi watataka nini? Kilichopimwa ni hatari yao, na hali yao ikaachwa.

Hata kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi. Nyaraka zilizoibuliwa na wanahabari mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari wa kawaida mzungu aliyetoka makoloni ya Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi 3 na nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza msaada wa karibu pauni milioni 12 kwa wazee wa Jumuiya ya Madola waliowahi kulitumikia jeshi lake na sasa wanaishi kwa shida. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944, mwaka huo wa 2018 alikuwa na 94. Ni Mwanza ya 1964 tena, safari hii bila ufagio.

Lakini tusimcheke mkoloni peke yake. Tulipoanza kuandika historia yetu wenyewe, swali kubwa tulilowauliza watu wa Keya lilikuwa: je, ninyi ndio mlioleta uhuru? Mohamed Said ameandika kwa kirefu jinsi Abdulwahid Sykes, mtoto wa yule Kleist, alivyokuwa Burma, na jinsi vita vilipokwisha yeye na wenzake walivyozungumza habari ya kuunda chama cha siasa wakiwa kambini India kabla ya kurudi. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mdogo wake Ally, naye wa Burma, akawa na kadi namba 2. Hiyo ni historia kubwa, ilistahili kuandikwa na tunamshukuru aliyeiandika.

Tatizo liko kwa wale wengine. Watafiti wengi waliolichunguza swali hilo katika nchi mbalimbali za Afrika walifikia jibu moja: wengi wa wale askari hawakuingia kwenye siasa, walirudi vijijini kimya. Basi, hapo mwanahistoria anafunga daftari. Nilipofika kwenye mistari ya namna hiyo nilishtuka, maana ni sentensi yangu ya chini ya mwembe, tofauti ni kwamba yao imechapishwa na chuo kikuu.

Hebu tukiangalie hicho kijiji chenyewe. Kwa huku Usukumani kijijini maana yake ni pamba na ng'ombe. Mwaka 1947 ulianza mpango wa maendeleo wa Usukuma, na pamoja nao sheria: lima kwa matuta, panda mihogo, punguza mifugo. Mtu aliyetoka kuvuka Chindwin anasimama shambani kwake, na mtumishi wa serikali ya wenyeji anamwambia matuta yake hayatoshi, atatozwa faini. Anajibu nini? Ananyamaza. Ukimya huo umeandikwa vitabuni kama dalili kwamba aliizoea hali. Mimi sina hakika kama kunyamaza na kuzoea ni kitu kimoja. Baba mkubwa naye alikuwa mkimya.

Meli kutoka Bukoba

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu ya Kagera kaskazini ya mto. Siku chache baadaye, Novemba, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Wakati huo Kharumwa ilikuwa Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Wilaya yetu ya Nyang'hwale na Mkoa wa Geita ni mambo ya 2012. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yakachukuliwa kubeba askari. Mgambo wakaitwa, JKT, polisi na magereza wakaingizwa, na jeshi likavimba hadi zaidi ya watu 100,000. Vita vikafika mpaka hapa ziwani: tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na kufikia mapema Juni mapigano yakawa yamekwisha.

Vitabu vyetu vya vita hivi vilitoka haraka. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980. Henry Muhanika alitoa utenzi wake wa vita vya Kagera na anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Tazama majina: kuzama, anguko. Siwalaumu waandishi, taifa lilitaka kusikia hilo. Lakini hadithi ikishaisha na Amin, askari wetu amebaki Uganda. Kitabu hakimrudishi.

Baba mkubwa alirudi kwa meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, akavuka kwa kivuko cha Busisi, akapata lori la pamba, kipande cha mwisho akatembea. Nchi aliyoikuta haikuwa na kitu. Mwalimu aliomba tufunge mikanda miezi 18, miezi ikapita, mikanda ikabaki palepale, sabuni na sukari ni kwa foleni. Yeye alikuwa mgambo, si mwajiriwa wa jeshi. Hakuwa na pensheni. Alikabidhi bunduki, akaambiwa asante, akarudi kwenye jembe.

Mwaka jana nilikwenda kukaa na mama mkubwa siku mbili, kwa ajili ya hili tu. Nikamwamkia, nikamsaidia kupukuchua mahindi, mwishowe nikamuuliza: alivyorudi, alirudije?

"Alirudi na viatu," akasema.

Nikadhani anamaanisha alimletea viatu. Hapana. Alilala na viatu vya jeshi miguuni, kitandani, kama wiki mbili hivi.

"Sikusema kitu, mwanangu. Nilidhani ndivyo wanavyolala huko jeshini. Nikasema atavua akichoka."

Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu majirani wangesema mume wake karogwa, na hapo yangeanza mengine. Alijifunza peke yake kwamba usiku mume wake haguswi: ukitaka kumwamsha unasimama mlangoni unamwita jina, mara mbili, tatu, mpaka aitike, ndipo unaingia. Watoto aliwafundisha hivyohivyo, bila kuwaambia kwa nini. Na mimi nilifundishwa. Nilikuwa najua siku zote kwamba baba mkubwa huitwa kutoka mlangoni. Nilidhani ni heshima.

Kati ya 1981 na 1982, kwenye mpaka wa Kahama na Shinyanga, yaani majirani zetu kabisa, wanavijiji walianza kujipanga kwa pinde, mishale na filimbi. Wakaitwa sungusungu, jina la wale chungu weusi wanaouma. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia aliyeandika juu yao mwaka 1987, na wengine waliomfuata, wanataja sababu kadhaa: wizi wa ng'ombe, udhaifu wa polisi, ugumu wa maisha, na silaha zilizozagaa baada ya vita vya Kagera, nyingine zikiwa mikononi mwa watu waliofundishwa kuzitumia. Wazee wa hapa hawahitaji kitabu kwa hilo. Wanakwambia: kabla ya vita mwizi alikuja na fimbo, baada ya vita akaja na SMG.

Serikali ilisitasita, kisha ikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili watambulike. Kwa kawaida hadithi ya sungusungu husimuliwa kama hadithi ya ulinzi. Ni ya ulinzi, ndiyo. Lakini ni hadithi ya kurudi pia. Taifa liliwapa maelfu ya vijana mafunzo ya vita, likawarudisha kwenye njaa, na halikuwa na mpango wa kutosha wa siku ya pili. Kilichopungua kwenye mpango huo kikaangukia vijijini, na vijiji vikajibu kwa vilivyokuwa navyo.

Baba mkubwa aliitwa kufundisha: jinsi ya kupanga zamu, kuzunguka kijiji bila kuonekana, kupeana ishara kwa filimbi. Mama mkubwa anasema hiyo ndiyo miezi aliyomwona amelala vizuri. Sababu yenyewe ni nyepesi. Usiku alikuwa halali vyovyote vile, sasa usiku ukawa na kazi, na mchana akalala kama watu wengine wa zamu. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, ugonjwa wake ulikuwa na matumizi.

Haukudumu. Ilifika siku kikundi kikaambiwa kwenda kumtoa kijijini bibi kizee aliyeshukiwa uchawi. Mnajua hadithi hizi za Usukumani, macho mekundu ya moshi wa kuni yanavyogeuzwa ushahidi. Baba mkubwa alikataa. Akatozwa faini ya mbuzi, akalipa, akarudisha filimbi. Bibi alihamia kwa binti yake, mbali, akafia huko. Na baba mkubwa akarudi kwenye kigoda chake, kuitazama njia.

Hilo nalo halikuwamo kwenye wasifu.

Aliyeua simba

Mwaka 1980, mmoja tu baada ya meli ile ya Bukoba, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliingiza rasmi kwenye mwongozo wake ugonjwa wa kiwewe unaobaki baada ya vita au janga, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya kelele za askari waliotoka Vietnam. Usingizi unaokatika, kushtuka kwa mlio, kukaa macho kama adui yuko mlangoni: yote yameorodheshwa. Kwa hiyo kilichomsumbua baba mkubwa kilikuwa na jina huko duniani. Hapa Kharumwa kiliitwa "mzee anapenda kuamka mapema".

Lakini si kweli kwamba sisi hatukuwa na elimu yoyote juu ya jambo hili. Huku Usukumani mtu aliyeua simba hakurudi nyumbani hivihivi. Alipewa dawa ya kumtakasa, akapambwa, akacheza ngoma kutoka kaya hadi kaya, watu wakimtolea zawadi. Wahifadhi wanailalamikia desturi hii siku hizi, kwa sababu zawadi zimekuwa kishawishi cha kuua simba, na wana haki. Ila angalia wazo lililomo ndani yake: mtu aliyetoka kuua haruhusiwi kupita moja kwa moja mpaka kitandani kwake. Kuna hatua katikati, na hatua hizo ni kazi ya kijiji kizima. Waacholi wa Uganda waliwakanyagisha yai vijana waliorudi kutoka msituni kwa Joseph Kony. Msumbiji, baada ya amani ya 1992, familia nyingi ziliwapeleka askari wao kutakaswa kabla ya kula nao chungu kimoja.

Sisemi dawa na yai vinatosha. Mtu anahitaji pia kula. Uganda ilipopunguza jeshi lake kati ya 1992 na 1995, iliunda bodi maalumu ya kuwahudumia askari zaidi ya 36,000 walioachishwa, wakapewa usafiri wa kwenda kwao na mtaji wa kuanzia. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini angalau ulianza na wazo kwamba kurudi ni kazi na ina gharama. Sisi tulipigana vita yetu tukashinda, na pengine kushinda ndiko kulikotuponza. Aliyeshinda hatarajiwi kuumwa. Angelalamika kwa nani, na kwa ushindi upi?

Waliokufa tunawakumbuka, na tunafanya vizuri. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, na kule Kaboya, Muleba, kuna makaburi ya mamia ya wapiganaji wa vita ile, yametunzwa, yana majina. Waliorudi ndio hawana mahali.

Sasa hesabu nyingine. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia sabini au ameshapita. Wale wa Mwanza walipewa ufagio baada ya miaka 46. Sisi na wa Kagera tumeshafika hapohapo. Kwa hiyo naomba jambo dogo kwako unayesoma, hasa kama una mzee kama huyu nyumbani, au wewe ni mwanafunzi unatafuta mada. Nenda na simu yako urekodi. Alimuua nani mwachie mwenyewe, akitaka atasema. Wewe muulize siku ya kwanza nyumbani ilikuwaje, nani alimfungulia mlango, alikula nini, alianza lini kulala. Kisha, na hili ndilo nililochelewa kulijua, mwache mzee apumzike umuulize mke wake. Jeshi lina nyaraka za kwenda. Za kurudi ziko kwa akina mama, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Nakala ya wasifu wa baba mkubwa bado iko kabatini kwa mama mkubwa, ndani ya Biblia. Siku ya pili ya mazungumzo yetu niliiomba, nikaandika upya ile sehemu, nikamsomea. Inasema: Mwaka 1978 alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Alirudi 1979. Alilala na viatu wiki mbili, na kwa zaidi ya miaka arobaini hakulala usiku mzima. Alifundisha sungusungu na akakataa kumtoa bibi kijijini. Mke wake alimwamsha kutoka mlangoni kila siku, naye ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Mama mkubwa alisikiliza akiwa anapepeta. Akaniomba nisome tena. Kisha akasema, "Andika wiki tatu. Nimehesabu usiku, zilikuwa tatu."

Nikarekebisha.